Jiwe la ishirini: siku za mwisho Chanthaburi

Jumatano, 21 Mei. Siku ya 84.
Yamekamilika mawe 18 kati ya 20.

Kwa anayeanza kusoma hapa: nilitua Bangkok tarehe 27 Februari, nikapanda basi kituo cha Ekkamai na kuteremka Chanthaburi, mwendo wa saa nne hivi upande wa mashariki, karibu na Kambodia. Lengo langu niliandika ukurasa wa kwanza na halijabadilika. Nijifunze kukata vito, nimalize mawe 20 ndani ya siku 90, kisha nirudi nyumbani Mahenge, Tanzania, na vifaa vya kufungulia karakana. Ada na nauli vimetoka kwenye akiba yangu ya miaka minne na mpunga wa baba wa misimu miwili. Ndiyo maana naandika kila gramu.

Leo nimemaliza jiwe la 18, garneti ya kijani, ile wanayoiita tsavorite. Karati 0.92 (karati tano ni gramu moja). Mwalimu ameigeuza chini ya taa, akaitazama kwa lenzi muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniambia uso mmoja bapa wa kiunoni mwa jiwe haujakutana vizuri na mwenzake. Ni kweli. Niliuona jana usiku nikalala nao. Nimeurudisha kwenye sahani ya mashine ya kukatia asubuhi, dakika 20, sasa umekutana. Imebaki tanzanaiti moja na spineli ya waridi, ambayo ndiyo jiwe la 20.

Nimepima meza ya mwalimu kabla sijasahau: kutoka sakafuni mpaka juu sentimita 72, kiti sentimita 43. Katika wiki ya kwanza nilidhani meza ni meza tu. Baada ya siku 84 shingo yangu inajua kwamba kimo cha meza ni nusu ya kazi. Ukiinama, mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka uso wa jiwe unakuwa na tumbo badala ya kuwa bapa.

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Mei huku ni mwanzo wa masika yao, na ni msimu wa doriani pia. Mji mzima unanuka doriani, pikapu zinapita zimejaa mpaka juu. Waliokulia Unguja wangejisikia nyumbani.

Alhamisi, 22 Mei. Siku ya 85.
Mawe 18. Tanzanaiti imevunjika.

Naandika jinsi ilivyotokea, kwa sababu atakayejifunza baada yangu asiirudie. Jiwe lilikuwa limegandishwa kwenye kijiti kwa nta ya moto. Nilikuwa nimekwisha kukata kitako chote, yaani upande wa chini, nikaligeuza ili nikate upande wa juu, nikapasha nta kwa taa ya spiriti. Nilitaka kuona kama limekaa katikati. Kidole kilikuwa na maji ya sahani, ya baridi. Tone moja. Nilisikia mlio mdogo kama wa punje ya mchele kwenye sufuria, na ufa ukapita jiwe zima, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi sana, na haipendi joto la ghafla wala baridi ya ghafla. Haya nilifundishwa siku ya 30. Nimeyaandika kwa mkono wangu katika daftari hili hili. Kuyajua na kuyaweka kwenye vidole ni vitu viwili, na mimi leo nimelipa tofauti yake: karati 4.1 za jiwe ghafi, pesa ya chakula cha wiki tatu.

Nililia kidogo, sifichi. Mwalimu hakusema lolote juu ya jiwe. Alivuta kiti, akasema *jai yen*, moyo uwe baridi, neno analolisema mara kumi kwa siku na kila mara lina maana yake. Kisha akanipa kipande kikubwa zaidi cha vile viwili, akaniambia nikate kitu kidogo siku nikifika nyumbani, wakati mkono umetulia. Nimekifunga kwenye pamba. Hakitahesabiwa katika 20.

Mchana nilikwenda sokoni kununua koja la asumini. Huku Alhamisi ndiyo siku ya kuwaheshimu walimu, na Alhamisi nyingine sitakuwepo. Yale makoja wanayatunga kwa sindano, asumini na waridi, yananukia kama Pwani wakati wa harusi. Nilipiga magoti, nikaunganisha viganja usoni kama wanavyofanya wanafunzi wake wengine, nikampa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika juu ya mashine yake. Jioni lilikuwa bado linanukia juu ya harufu ya mafuta na unga wa almasi.

Ijumaa, 23 Mei. Siku ya 86.

Ijumaa mpaka Jumapili ndizo siku za soko la vito, na leo ni Ijumaa yangu ya mwisho. Sikuwa na la kununua isipokuwa unga wa almasi, lakini nilikwenda mapema nikazunguka mtaa mzima.

Nilipofika mara ya kwanza soko hili lilinichanganya, kwa sababu limepinduliwa. Kwetu mwenye jiwe hukaa na mnunuzi humfuata. Hapa mnunuzi ndiye hukodi meza, akakaa na mizani, koleo na taa, akabandika karatasi ya anachotafuta, na wauzaji na madalali wanapanga foleni mbele yake na mawe kwenye karatasi zilizokunjwa. Wahindi, Wachina, Wasri Lanka, Waafrika wa Magharibi wengi tu, wamekaa miaka na miaka na Kithai wanakizungumza kama maji. Mnunuzi akitaja bei na dalali akaona inafaa kupelekwa kwa mwenye mali, jiwe linafungwa, linazungushiwa utepe wa gundi, bei inaandikwa juu. Tangu hapo hakuna anayelifungua mpaka mwenye mali ajibu. Kama amekubali, biashara imekwisha, na mnunuzi hawezi kurudi nyuma. Utaratibu huo mmoja tu ungewaokoa wachimbaji wetu na maneno mengi.

Milima ya hapa ilikuwa na rubi na yakuti zake. Nilipelekwa mwezi Machi kuona Khao Ploy Waen, kilima ambacho jina lake linataja vito vya pete, na kule Trat kulikuwa na Bo Rai iliyojaza watu miaka ya 1970 na 1980. Leo ardhi imechoka, sehemu kubwa ni miti ya doriani. Lakini mji haukufa, kwa sababu mikono ilibaki. Katika miaka hiyo ya 1970 wafanyabiashara wa Thailand walikwenda Sri Lanka wakanunua mawe meupe yenye ukungu, yanaitwa geuda, ambayo wenyeji waliyaona hayana thamani. Wakayaleta, wakayachoma kwenye tanuru za moto mkali, yakatoka yakuti za buluu. Nimelisikia simulizi hilo kwa watu watatu tofauti hapa na kila mara nawaza baba na wenzake wakipima kwa gramu kando ya barabara, kwa tochi ya simu.

Ni katika soko hili, Ijumaa ya pili ya Aprili, nilipokutana na jiwe la 20, ile spineli. Dalali mmoja mama alifungua karatasi mbele ya meza niliyokuwa nimesimama nyuma yake. Sikuhitaji kusoma kilichoandikwa. Rangi ile, waridi linaloelekea kwenye wekundu, ambalo hata kivulini linawaka kana kwamba kuna kaa la moto ndani, nimekua nayo. Juu ya karatasi kwa kalamu ya wino: *Mahenge*. Jina la nyumbani kwetu, kwa mwandiko wa mtu ambaye hajawahi kufika. Nilitumia fedha zote za dharura. Gramu 1.9, yaani karati 9.5 za jiwe ghafi.

Leo nimeuza mawe yangu matatu ya mazoezi, garneti nyekundu, kwa baht 4,200 yote pamoja. Si pesa nyingi, ila aliyenunua alitazama kwa lenzi na hakuuliza nani amekata. Unga wa almasi umepatikana, wa kukwaruzia na wa kung'arishia, pakiti sita.

Jumamosi, 24 Mei. Siku ya 87.
Spineli. Saa 1 asubuhi mpaka saa 4 usiku.

Kitako nilianza Jumanne usiku, sikuandika kwa sababu niliogopa kuliandika. Leo nimelimaliza na nataka kueleza uamuzi wake, maana ndio nilioujia huku bila kujua.

Spineli ina ugumu wa 8, kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, haina upande wa kupasukia kama tanzanaiti, haihitaji kuchomwa ili ipate rangi. Ni jiwe jema kwa mkataji. Tatizo la hili langu lilikuwa umbo: pana, lakini halina kina. Jiwe la namna hiyo linakupa njia mbili. Ukitaka uzito, unaliacha na upana wake na unalaza kitako, nyuzi 36 au 37. Ukitaka mwanga, unasimamisha kitako mpaka nyuzi 41, na kwa kuwa kina hakiongezeki, lazima upunguze upana pande zote. Unalipia mwanga kwa uzito.

Kwa spineli mwanga hugeuka ndani na kurudi machoni pale tu unapogonga uso wa kitako kwa zaidi ya nyuzi 35 na nusu hivi. Ukikata kwa 36 uko ukingoni kabisa. Ukilitazama wima linaonekana sawa, ukiliinamisha kidogo tu katikati panafunguka, unaona kidole chako upande wa pili kama kwenye kioo cha dirisha. Na kweli tunaliita dirisha. Mawe mengi yanayokatwa karibu na machimbo, siyo ya kwetu tu, yana dirisha, kwa kuwa yanauzwa kwa karati na aliyekata ameambiwa asipoteze kitu.

Saa 5 asubuhi nilipima: nikimaliza kwa nyuzi 37 ningebaki na karati 3.10 hivi. Kila mtu sokoni anajua maana ya 3.00. Bei ya karati moja hupanda jiwe likivuka namba kamili, na mnunuzi huangalia mizani kabla ya kuangalia jiwe. Nikienda 41 nashuka chini ya tatu. Nilikaa nalo mkononi nusu saa. Nilifikiria mpunga wa baba. Nilifikiria kwamba 3.10 yenye dirisha ndogo ingenilipia mota na stabilaiza.

Nilimuuliza mwalimu. Alijibu kwa swali: hili unamkatia nani?

Nikaenda 41.

Sikujutia hata pale mizani iliposhuka chini ya tatu. Kila uso uliong'aa kwenye sahani ya shaba ulifungua taa nyingine ndani. Nyuso za kitako zilipokutana zote kwenye ncha moja nilinyanyua mkono kwenye mashine kwa sababu ulikuwa umeanza kutetemeka, nikanywa maji, nikasubiri. Kisha kuligeuza kwenye kijiti. Nta ya moto, taa ya spiriti, na vidole nimevikausha kwa kitambaa mara tatu. Taji, halafu uso wa juu kabisa mwishoni. Nililisafisha saa 4 kasoro.

Karati 2.84. Umbo la mto, pembe zimeviringwa kidogo. Ukiligeuza upande wowote hakuna dirisha.

Katika ghafi 9.5 nimebakiza chini ya theluthi. Kwetu mtu angesema nimeliharibu. Mwalimu alilitazama, akazima taa ya meza na kulitazama tena katika giza la mtaani linaloingia mlangoni, likawa bado linawaka. Akaniomba kalamu na kuandika jina la mji wetu ukutani, pale anapoandika mawe anayotaka kuyakumbuka. Ameliandika kwa herufi za Kithai. Nimelipiga picha ili nijifunze kuliandika.

Jumla: mawe 19 kati ya 20. Namba imekosekana kwa tanzanaiti. Naiacha hivyo.

Jumapili, 25 Mei. Siku ya 88.

Misa kwenye kanisa kuu la hapa, ng'ambo ya mto. Ni kanisa la minara miwili, lilikamilika mwaka 1909, na jamii iliyolijenga ni Wakatoliki wenye asili ya Vietnam waliokimbilia huku vizazi vingi vilivyopita. Ndani yupo Bikira Maria aliyevishwa vito zaidi ya 200,000, michango ya watu wa mji huu wanaoishi kwa mawe. Mtu aliyekulia kusikia kengele za Kwiro, misheni ya kwetu, hawezi kukaa pale kimya moyoni. Sala niliziitikia kwa Kiswahili taratibu, nikawa nafika mwisho sambamba nao.

Baada ya misa nilimpigia baba. Huku saa 6 mchana, kwao saa 2 asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeamkaje huko kwa watu?"

Nilimwambia limekwisha. Akauliza uzito, nikamwambia. Kimya. Najua alikuwa anapiga hesabu ya kilichoondoka. Halafu akasema nimtumie picha, nikamtumia picha na video fupi nikiligeuza juani kwenye daraja. Nilisubiri. Intaneti ya mlimani huchukua muda wake.

Baba amechimba tangu kabla ya mwaka ule wa 2007, lilipotoka Ipanko lile jabali la spineli lililoleta wanunuzi wa dunia nzima mpaka kwenye vibanda vyetu vya chai. Ameshika mawe mengi kuliko watu wote ninaowajua. Aliponipigia tena hakuanza na salamu.

"Sijawahi kuliona likiwa limekwisha," alisema. "Mwanangu, kumbe huwa hivi?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Aliendelea: limetoka shimo gani? Nikamwambia baba, hiyo karatasi haikusema. Akasema atajua akilishika.

Mchana wote nimefunga mizigo. Hapa hakuna cha kuandika.

Jumatatu, 26 Mei. Siku ya 89.

Nimeagana na mwalimu na mkewe saa 12 asubuhi. Mama amenipa doriani iliyokatwa vipande vyembamba na kukaangwa, mifuko mitatu, kwa kuwa mbichi hairuhusiwi kwenye basi, hotelini wala kwenye ndege. Amenikumbatia, jambo ambalo huku si la kawaida. Nimelala basini mpaka Ekkamai.

Bangkok nimepita Silom tu. Jengo la biashara ya vito lina ghorofa 59, na vichochoro vinavyoelekea Mahesak vimejaa maduka ya mawe mlango kwa mlango. Kwenye dirisha la duka moja niliona spineli mbili zimeandikwa Tanzania. Zote mbili niliinama kuzitazama kutoka pembeni, sasa siwezi kujizuia. Moja ina dirisha, moja haina, na ile isiyo nayo ndiyo ndogo na ndiyo ya bei ya juu. Nilisimama pale kwenye mvua mpaka mwenye duka akanikaribisha ndani.

Mizani ya mizigo: tiketi yangu inaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Kichwa cha mashine ya kukatia, kilichotumika lakini kizima, kilo 11 na sanduku lake. Sahani nne za shaba na chuma, kilo 6. Vijiti, nta, unga wa almasi, lenzi mbili za mara 10, mizani ndogo. Mota sikununua. Umeme wa huku ni volti 220 na wa kwetu 230, ingefanya kazi bila shida, ila ni chuma kizito na Dar es Salaam zipo. Nguo nimeacha karibu zote kwa msichana aliyekuwa jirani yangu karakanani. Nimebaki na kilo mbili za ziada, nikazijaza sahani ya tano.

Jumanne, 27 Mei. Siku ya 90.

Naandika nikiwa Suvarnabhumi. Ndege inaondoka usiku wa manane, Addis Ababa kwanza, saa tisa hivi angani, kisha Dar es Salaam. Kutoka Dar ni basi: Morogoro, Mikumi, Ifakara, daraja la Kilombero, halafu kupanda mlima. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2018 nilikuwa bado napima mawe ya watu kwa mizani ya kuazima. Kabla yake ilikuwa kivuko na kusubiri.

Mawe yako kifuani kwangu, kwenye mkoba wa kitambaa, kila moja na karatasi yake na risiti ya nilikonunua ghafi yake. Nitayatangaza forodhani nikifika, yote, na kipande cha tanzanaiti pia. Kwenye kila karatasi nimeandika aina, uzito na bei, kama wanavyofanya sokoni. Ya spineli nimeandika Mahenge na 2.84. Mahali pa bei nimepaacha. Baba alishike kwanza.

Mambo ya kufanya wiki ya kwanza: mota na stabilaiza, tanki la maji la lita 200 juu ya karakana, kwa kuwa sahani haizunguki kavu hata dakika moja, vijana wawili wa kuanza nao, nimeshawafikiria, mmoja binti. Kituo cha vito kule Arusha niwaandikie kuuliza nafasi za mafunzo ya kutambua mawe.

Fundi seremala amenipigia jioni hii hii. Mbao za mninga zimekauka, anataka kuanza. Amesema meza za kawaida hukaa sentimita 75. Nimemwambia 72, na kiti 43, na aandike.